Mwimbaji Aliyeharibikiwa: Anastahiki Filamu, Anastahiki Sifa?



Tunapenda kuwaletea wasomaji wa jarida letu swali lililozuka mwaka huu katika mjadala wa Alkhamisi wa darasa la vijana. Saa moja tuliyopewa haikututosha, na adhana ya Magharibi ikatukuta bado tunabishana.

Mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa ameangalia, kwenye simu ya kaka yake, filamu ya maisha ya mwimbaji wa Uingereza aitwaye Amy Winehouse. Alituambia bila kificho kwamba alilia. Kisha akauliza: inakuwaje mtu aliyekufa kwa ulevi atengenezewe filamu, asimamishiwe na sanamu, na dunia imsifu, ilhali sisi tunafundishwa kila siku kwamba pombe ni mama wa maovu? Na je, yeye kulia kwake kulikuwa na dhambi? Mwenzake wa kiume akadakia kwamba kumlilia mlevi ni udhaifu wa imani. Hapo darasa likagawanyika pande mbili, wala hazikuwa pande za wavulana na wasichana kama tulivyotarajia.

Wapo wazazi watakaouliza madrasa ina habari gani na wanamuziki. Jibu letu ni kwamba wanamuziki hao wamo mifukoni mwa watoto wetu, ndani ya simu tulizowanunulia sisi wenyewe, na mtoto asipoulizia kwa mwalimu wake ataulizia pengine. Kuhusu hukumu ya muziki wenyewe, wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza ala nyingi za muziki, na wapo waliolegeza kwa masharti, kama Imam Ghazali na Ibn Hazm. Madrasa yetu inafundisha kauli ya wengi, na somo hilo lina siku yake. Swali la leo ni jingine. Mtu aliyepewa kipawa, kisha akaangamia mbele ya macho ya watu, sisi tunaobaki tumtazameje?

Tukaona si haki kutoa kauli juu ya kitu tusichokijua. Basi tulikaa walimu wawili tukaiangalia filamu ile mwanzo hadi mwisho. Wazazi wasituelewe kwamba tunaitangaza. Ina mavazi na maneno ambayo hayafai kwa watoto, na tumewaambia wanafunzi hivyo hivyo. Lakini tuliyoyaona humo, na tuliyoyasoma baadaye juu ya maisha yake, yanafaa kusimuliwa.

Amy Winehouse alizaliwa tarehe 14 Septemba 1983 kaskazini mwa jiji la London, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake aliwahi kuendesha teksi na mama yake alikuwa mfamasia. Wazazi waliachana akiwa mtoto wa miaka tisa. Bibi yake mzaa baba, ambaye naye alikuwa mwimbaji, ndiye aliyekuwa kipenzi chake mkubwa. Alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2003 na ya pili mwaka 2006, na ni hiyo ya pili iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Februari 2008 alishinda tuzo tano za Grammy kwa usiku mmoja. Ukumbini Marekani hakuwepo, kwa kuwa viza yake ilikuwa imecheleweshwa kutokana na habari zake za dawa za kulevya, akaimba akiwa London na picha zikarushwa kwa setilaiti. Na wimbo uliompa tuzo kubwa usiku ule ulikuwa unaeleza jinsi alivyokataa kupelekwa kutibiwa.

Hebu wasomaji wetu watulie kidogo hapo. Mgonjwa anasema, tena kwa sauti nzuri, kwamba hataki dawa, na watu wa mabara yote wanaucheza wimbo huo harusini na madukani. Hatujui katika zama zilizopita kama kulikuwa na jambo mfano wa hilo.

Tarehe 18 Juni 2011 alipandishwa jukwaani Belgrade, Serbia, mbele ya watu wapatao 20,000. Alikuwa anayumba na kusahau maneno ya nyimbo zake mwenyewe. Watu walimzomea. Ziara yote ikavunjwa. Wiki tano baadaye, tarehe 23 Julai 2011, akakutwa amekufa nyumbani kwake Camden, London, akiwa na umri wa miaka 27. Uchunguzi haukukuta dawa za kulevya za haramu mwilini mwake. Zile alikuwa ameshaziacha. Kilichomuua ni pombe peke yake: miligramu 416 za kilevi katika kila mililita 100 za damu, wakati dereva wa Uingereza akizidi 80 tu anapelekwa mahakamani. Na katika hiyo pombe pia alikuwa ameshikilia kuacha kwa muda, kisha akarudia. Madaktari wanajua, na sisi tunaokaa na vijana wa mitaani tunajua, kwamba kurudia baada ya kuacha ndiko kunakoua zaidi, kwa sababu mwili umekwisha sahau kiwango kile wakati nafsi haijasahau.

Filamu yenyewe ilitoka mwaka 2015 na Februari 2016 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya maisha halisi. Aliyeitengeneza ni Asif Kapadia, mzaliwa wa London mwenye asili ya India, wa familia ya Kiislamu. Hakuna mtu anayekaa mbele ya kamera akatoa hotuba. Inaanza kwa mkanda wa nyumbani wa wasichana wanaosherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao, naye yumo miongoni mwao, mtoto tu, anaimba na kucheka. Baada ya hapo ni picha na sauti za waliomfahamu. Kadiri inavyoendelea, picha za nyumbani zinapungua na za wapiga picha wa magazeti zinaongezeka, mpaka unafika mahali hakuna tena picha iliyopigwa na mtu anayempenda. Anatoka mlangoni kwake taa za kamera zinamulika kama radi. Mwalimu mwenzetu alifumba macho.

Na hapo ndipo tulipopata shaka ya kwanza. Kama kumulikwa kulimdhuru, basi filamu nayo imetumia picha zilezile za kumulikwa, na sisi tumekaa tukaziangalia. Baba yake aliipinga, akasema inapotosha na kwamba imemwonyesha vibaya. Hatuwezi kuamua kati ya baba na mtengeneza filamu. Lakini swali hilo Muislamu hawezi kulipita, kwa sababu katika dini yetu aibu ya mtu ni kitu chenye mwenyewe.

Tumepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayemsitiri Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Ametukataza pia kuwatukana waliokufa, kwa sababu wameshafika kwenye yale waliyoyatanguliza. Na katika hadithi nyingine amewatahadharisha wale wanaotenda dhambi usiku Mwenyezi Mungu akawasitiri, kisha wao wenyewe kulipokucha wakaifunua sitara ile kwa kusimulia. Ukizikusanya hadithi hizi tatu utaona kwamba filamu ya namna hii inaingia mahali pa hatari kutoka pande zote: inafunua aibu ya mtu, mtu mwenyewe ni maiti asiyeweza kujitetea, na vijana wanaoangalia wanaweza kudhani kwamba kuitangaza dhambi ni ushujaa.

Wale wa upande wa mwanafunzi wa kiume walifurahi sana tulipofika hapa. Wakadhani mjadala umekwisha.

Lakini Qur'ani nayo imetusimulia maisha ya walioharibikiwa. Qarun tumesimuliwa mali yake, funguo za hazina zake zilivyowaelemea watu wenye nguvu, na alivyowatokea watu wake katika mapambo yake. Tena, na hili ndilo tuliloliandika ubaoni, Qur'ani haikuishia kwa Qarun. Imewasimulia na watazamaji. Imetueleza kwamba wapo waliomwona siku ile wakatamani lau wangepewa mfano wa aliyopewa, na kwamba ardhi ilipomdidimiza, walewale waliotamani jana ndio walioamka wakimshukuru Mungu kwamba hawakuwa yeye. Kisa kile ni cha mtu mmoja, na ni cha umati uliokuwa unamwangalia vilevile. Tunadhani hicho ndicho kipimo cha filamu yoyote ya mtu aliyeangamia: je, inamwonyesha yeye tu, au inawaonyesha na waliokuwa wamesimama kando? Filamu ya Amy, kwa haki yake, inawaonyesha. Unawaona waliompigia makofi akiwa amelewa, waliofanya mzaha wa ugonjwa wake kwenye televisheni, na waliomzomea Belgrade kwa sababu wamelipa kiingilio. Kwa hilo tulisema: inastahiki kuwepo. Ni ushahidi. Na ushahidi si sifa, kama vile anayesimama mahakamani kueleza alichokiona hamsifu mshitakiwa.

Sifa ni jambo jingine, na hapo hatukubaliani na mashabiki. Vijana wetu wamekwisha sikia habari za kile wanachokiita klabu ya 27, yaani wanamuziki waliokufa na umri huo: Jimi Hendrix na Janis Joplin mwaka 1970, Jim Morrison mwaka 1971, Kurt Cobain aliyejiua mwaka 1994, ambaye naye filamu ya maisha yake ilitoka mwaka huohuo wa 2015, na huyu Amy. Kijana mmoja darasani alilitaja jina hilo kwa namna ambayo mtu hutaja timu ya mpira anayotamani kuichezea. Tulikasirika, tunakiri, na si kwa sababu ya kijana. Nani aliyewaambia watoto kwamba kufa ni klabu? Mwishoni mwa mwaka 2011 watafiti walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza hesabu ya wanamuziki 1,046 waliowahi kushika nafasi ya kwanza katika mauzo ya albamu Uingereza. Hawakuona lolote la pekee katika umri wa miaka 27. Walichokiona ni kwamba wanamuziki mashuhuri wenye umri wa miaka ya ishirini na thelathini walikuwa wakifa mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wa kawaida wa umri wao. Kwa hiyo hakuna klabu. Iko kazi inayoua vijana, na wapo watu wanaouza tisheti zenye sura zao.

Mwanafunzi wetu wa kike akauliza: basi nisimpende kwa lolote, hata ile sauti? Tulimjibu kwamba sauti ni kipawa cha Mwenyezi Mungu, na kipawa hakigeuki kuwa kibaya kwa sababu aliyepewa ameugua. Hata juu ya pombe yenyewe, Qur'ani katika Suratul Baqara imekiri kwamba ina manufaa kwa watu, kisha ikasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Uadilifu ndio huo. Kinachotutisha ni pale mtu anapoanza kuipenda ile sumu kwa sababu ya sauti, akasema lau asingekunywa asingeimba vile. Filamu inaonyesha kinyume. Aliimba vizuri zaidi alipokuwa hajalewa, na Belgrade hakuweza kuimba kabisa.

Nyumbani kwetu pia tuna mfano, japo si wa mtu aliyeangamia. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, jina lake Fatuma binti Baraka, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2006, mwaka mmoja tu baada ya kupewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Imeelezwa mara nyingi kwamba alikimbia chuo cha Qur'ani akiwa mtoto, na sisi walimu wa vyuo tukisikia habari kama hiyo ni vizuri tukajiuliza kuhusu bakora zetu kabla ya kuuliza kuhusu mtoto. Alikuwa mzee na sigara yake, wala hakuificha mbele ya kamera. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Tofauti tunayotaka wanafunzi waione ni kwamba Bi Kidude alikuwa hai, akili zake timamu, anaangalia kamera na anajua inafanya nini. Amy hakuulizwa. Kwetu sisi tofauti hiyo ni nzito kuliko tofauti ya sigara na pombe.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kwa maoni yetu kinamaliza ubishi wa kulia au kutolia. Imepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwamba katika zama za Mtume (s.a.w.) alikuwepo mtu aliyeitwa Abdullah, na watu wakimpa lakabu ya Himar, yaani Punda. Mtu huyu alikuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Na alikuwa mlevi. Alishapigwa fimbo kwa ajili ya ulevi, na siku moja akaletwa tena, akaamrishwa apigwe, akapigwa. Mtu mmoja miongoni mwa waliokuwepo akamlaani, akasema ni mara ngapi huyu analetwa. Mtume (s.a.w.) akamkataza asimlaani, akaapa kwamba anachokijua juu ya mtu yule ni kuwa anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Tazameni jinsi kisa kilivyokusanya yote. Adhabu haikuondolewa, pombe ilibaki haramu na fimbo zilipigwa. Hakuna aliyesema kwamba ulevi wake ndio unaomfanya achekeshe. Lakini hakuna pia aliyeruhusiwa kumlaani, na yule aliyelaani ndiye aliyekemewa. Na habari zake zimebaki. Miaka zaidi ya elfu moja na mia nne, tunamjua mlevi yule kwa jina na kwa lakabu, tunajua kwamba alikuwa mcheshi na kwamba alirudia kosa lake. Wapokezi wa hadithi hawakuona kwamba kumtaja ni kumfedhehesha, kwa sababu walipokea kosa lake pamoja na mapenzi yake, wala hawakulitenga moja na jingine.

Tulimwambia mwanafunzi wetu kwamba machozi yake hayana dhambi. Tulimwambia na yule wa kiume kwamba chuki yake kwa pombe haina dhambi pia, ila asiielekeze kwa mtu.

Labda mjadala ungeishia hapo, na makala hii pia, lau si jambo lililotokea mtaani kwetu wiki chache baadaye.

Yupo kijana aliyesoma hapa madrasa. Tulimpokea akiwa na miaka tisa, mwaka ambao sisi wenyewe ndiyo kwanza tumeanza kufundisha. Sauti yake ilikuwa ya namna ambayo akisoma Suratu Maryam, kina mama waliokuja kuwachukua watoto walikuwa wanakaa kwenye mkeka kusubiri amalize. Akiwa na miaka kumi na saba akaanza kwenda studio. Wimbo wake mmoja ulipigwa redioni, ukapendwa, na watu wa mtaani, pamoja na baadhi ya wazazi wa madrasa hii, walikuwa wakimwita kwa jina lake la usanii akipita. Kisha akaingia kwenye unga. Tunaposema unga wakazi wa Dar es Salaam wanaelewa tunasema nini. Akauza simu, akauza viatu, akauza feni ya mama yake. Akawa anaonekana maskani nyuma ya gereji, amejikunja kwa arosto, na watoto wakipita wanamwita teja. Baadhi ya watoto hao ni wa madrasa hii, na baadhi yao ni walewale waliokuwa wanaujua wimbo wake kwa moyo. Tulipowauliza, mmoja alijibu kwamba hawakujua kuwa ni yeye.

Siku moja walikuja vijana wawili na kamera. Walitaka kumrekodi kwa ajili ya kuweka mtandaoni: wimbo wake wa zamani ungepigwa, halafu yeye aonekane hali aliyo nayo. Walisema itakuwa funzo kwa jamii. Walimkuta maskani, wakamwambia watampa elfu kumi. Bahati nzuri fundi mmoja wa gereji akaenda kumwita mama yake.

Mama yule alikuja kwetu jioni, akakaa ukumbini pale anapokaaga tangu mwanawe akiwa mtoto. Alisema, "Ustadhi, wanasema ni funzo. Mimi sijui. Lakini mwanangu si maiti bado, mbona wanataka kumsimulia kama aliyekwisha?"

Tulimweleza yote tuliyoyajadili na vijana, kisa cha Himar na sitara na yale mengine. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyeliuliza: "Na ile elfu kumi, akiipata leo, ataipeleka wapi?" Sote tulijua jibu. Ingekuwa kete mbili au tatu kabla ya Isha. Funzo kwa jamii lingeanza kwa kumnunulia mgonjwa sumu yake.

Wale vijana si watu wabaya, tunawadhania kheri. Tulionana nao. Tuliwaambia kwamba mtu akiwa na arosto, ridhaa yake si ridhaa, kama ambavyo ndoa ya mlevi asiyejitambua kila mwanafunzi wetu wa fiqhi anajua maswali yake. Tukawaambia wasubiri awe mzima, wamuulize yeye, na fedha, kama ipo, wampe mama. Wakasema wakisubiri awe mzima hakutakuwa na kitu cha kurekodi. Neno hilo lilitukaa moyoni. Tukawakumbuka wale wapiga picha wa mlangoni Camden.

Baba yake Amy, pamoja na yote yanayosemwa juu yake, alianzisha na familia yake mfuko kwa jina la binti yake mwaka huohuo aliofariki. Mfuko huo unapeleka mafunzo ya madhara ya pombe na dawa za kulevya mashuleni Uingereza, na mwaka 2016 ukafungua London nyumba ya wanawake vijana wanaotoka kwenye uraibu. Sanamu yake ya shaba iliyosimamishwa sokoni Camden mwaka 2014 watalii wanapiga nayo picha. Sisi tukiulizwa ni kipi kati ya viwili hivyo ni kumheshimu, tunajua tutakachojibu, wala hatudhani kwamba wale wanawake wa kwenye nyumba ile wanahitaji kuambiwa.

Hapa kwetu nako tiba ipo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni Februari 2011, na baadaye hospitali nyingine za jiji zikafuata. Mgonjwa anakwenda kliniki kila siku, anapewa dawa ndani ya kikombe, anaimeza mbele ya muuguzi, anaondoka. Arosto inatulia, akili inapata nafasi. Wapo waliotuuliza kama ni halali mtu kupewa dawa ya aina ileile badala ya unga. Tumewarudisha kwa masheikh na kwa madaktari, na tunachokijua ni kwamba dharura ina hukumu zake na kwamba dawa kwa mkono wa tabibu si sawa na kete kwa mkono wa pusha. Kijana wetu aliandikishwa mwezi Rajab. Wiki ya kwanza fundi wa gereji alimsindikiza kila asubuhi. Baadaye akawa anakwenda mwenyewe. Alikosa siku nne, akarudi. Mwezi wa Ramadhani alikuja kusali tarawehe, akasimama safu ya mwisho karibu na mlango. Hatukumwomba asome, wala yeye hakuomba.

Baada ya Idi tulimweleza habari za wale vijana wa kamera, kwa kuwa ni haki yake kujua. Alifikiri sana. Akasema hana ubaya, waje wamrekodi, lakini si maskani, na wimbo ule wasiupige. Wamrekodi kwenye dirisha la kliniki saa moja asubuhi, akiwa amesimama foleni na wenzake, anakunywa dawa yake na kuondoka. Mama yake akaridhia.

Tuliwapigia simu wakasema ni wazo zuri na kwamba watakuja. Hadi tunapeleka jarida hili mitamboni, hawajaja.